Siku tatu za vuli: Xi'an au Pingyao?

Kwanza kalenda. Kuanzia tarehe 1 Oktoba Wachina huwa na likizo ndefu ya taifa, na miji hii miwili ya China hufurika watalii. Nenda mwishoni mwa mwezi. Joto limepungua, na asubuhi utataka sweta.

Xi'an ni jiji kubwa lenye ukale ndani yake. Ukuta wake wa enzi ya Ming, ukoo wa kifalme wa zamani, una mzunguko wa karibu kilomita 14, na juu yake unaweza kukodi baiskeli. Wanajeshi wa udongo, sanamu za kale za kulinda kaburi la mfalme, waliogunduliwa mwaka 1974 na wakulima waliokuwa wakichimba kisima, wako nje ya mji. Watengee nusu siku. Ila kwangu utamu uko mtaa wa Waislamu: Msikiti Mkuu wenye mapaa ya Kichina, usiofanana hata kidogo na misikiti ya pwani yetu, kisha bakuli la supu ya kondoo, mkate unaumega mwenyewe vipande vidogo vidogo. Mtafuta halali hahangaiki hapo.

Pingyao ni mji mdogo: ukuta wa kilomita 6 hivi, nyumba za matofali ya kijivu, taa nyekundu. Ndiko ilikoanzia Rishengchang, nyumba ya hawala ya karne ya 19; mfanyabiashara aliweka fedha huku, akazichukua kule kwa hati. Siku moja inatosha, mradi ulale. Watalii wa kutwa wakishaondoka, ndipo mji unapopendeza.

Kwa siku tatu nachagua Xi'an. Ukipata ya nne, treni ya kasi itakufikisha Pingyao kwa saa tatu hivi.