Gari la umeme: kabla ya kulipa, uliza kobalti imetoka wapi

Mwaka jana nilinunua gari la umeme lililotumika hapa Brussels, katika yadi ambayo sitaitaja. Nilikagua matairi, breki, hata cheti cha afya ya betri. Jirani yangu, dada wa Kolwezi, mji wa migodi kule Congo, alilizunguka mara moja tu akauliza: "Ile motokari yako iko na udongo ya kwetu ndani?" Sikuwa na jibu. Nikarudi kwa muuzaji, akacheka: "Halitoi moshi, madam, wasiwasi wa nini?"

Kwa hiyo habari za chaji na spidi mtazisoma kwingine. Mimi nina swali moja: kampuni inataja hadharani migodi inakopata madini yake? Kobalti ni madini yanayotumika kwenye betri nyingi za magari haya. Nyingi ya dunia, kama asilimia 70, hutoka Congo, na sehemu yake huchimbwa kwa sururu na mikono mitupu, watoto wakiosha mawe na kubeba magunia. Kasulo, mtaa wa Kolwezi, watu walichimba mashimo hadi chini ya vitanda vyao. Mwaka 2017 wakahamishwa, mtaa ukazungushiwa ukuta. Gunia likishafika kwa madalali na kumwagwa pamoja na mengine, nani atajua lilishikwa na nani?

Namba moja kwangu ni Mercedes, na ndiyo, naipendelea. Oktoba 2024 Amnesty International, shirika la haki za binadamu, ilipima jinsi kampuni 13 za magari zinavyojali haki za watu katika madini ya betri zao na kuliweka hilo wazi, na Mercedes ikaongoza kwa alama 51 kati ya 90. Kwa mwalimu wangu wa hesabu kule Tanga hizo zilikuwa alama za fimbo, lakini ndizo za juu kabisa darasani. EQA, gari lao dogo la umeme, iliyotumika, ndiyo ningenunua leo.

Ya pili Tesla, alama 49. Tafuta Model 3 ya kawaida ya 2022 kuja juu, yenye betri ya chuma na fosfeti, isiyo na kobalti kabisa.

Hapo mtaniambia: basi BYD, maana betri zake nazo ni hizo hizo! Nami nilidhani hivyo. BYD ilishika mkia, alama 11. Betri kukosa kobalti hakumfanyi mwenye kiwanda awe msema kweli. Lithiamu iliyomo kwenye betri hizo nayo huchimbwa na watu.

BMW sijui niiweke wapi. Mwaka 2019 ilitangaza kwamba kobalti ya betri zake mpya itatoka Australia na Morocco. Nilipomweleza dada huyo, alinuna. "Na sisi tutakula nini?" Kwao wanataka mgodi wenye mishahara na helmeti, kukimbiwa hawakuomba.

Nissan Leaf ya zamani? Bei rahisi, inatembea. Basi.

Kinachoniudhi ni bei. Tunalipia maelfu ya euro zaidi kwa sababu gari "ni safi," halafu ukiuliza usafi huo uko wapi unapewa kijitabu chenye picha ya jani. Pasi ya kidijitali ya betri, yaani kumbukumbu ya mtandaoni ya kila betri, Umoja wa Ulaya umeipangia Februari 2027, na sheria ya kuwalazimisha watengenezaji kuchunguza chanzo cha madini imesogezwa hadi Agosti mwaka huo huo. Aliyekwisha nunua, kama mimi, shauri yake.

Juzi yule muuzaji alinipigia. Nikadhani amenipatia jina la mgodi. Alitaka kujua kama nahitaji kapeti za mpira.