Honda Africa Twin jangwani: nguvu ipo tele, kazi iko kwenye kilo

Kila anayeniuliza kama pikipiki kubwa inafaa jangwani huanza na nguvu ya injini. Hiyo nguvu isikunyime usingizi. Honda Africa Twin CRF1100L ina nguvu za farasi 102, na mchangani sijapata mahali pa kuzimaliza. Kinachopaswa kukukosesha raha ni kilo 226 zikiwa na mafuta, kabla hujafunga hata begi moja. Mimi si mrefu wala si mzito. Kiti nimekishusha hadi milimita 850, chini ya hapo hakiendi, na bado nikisimama kwenye mteremko nagusa kwa ncha za vidole.

Yangu ni toleo la 2020, ya klachi ya kawaida. Injini ina silinda mbili, ujazo wa sisi (cc) 1084, na krenki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, imepangwa kwa nyuzi 270, kwa hiyo milipuko haifuatani kwa nafasi sawa: miwili hukaribiana, kisha kunakuwa na kimya kirefu kidogo. Ukiwa gia ya pili kwenye changarawe unausikia mpigo huo makalioni, na tairi la nyuma likianza kuteleza linakupa taarifa mapema. Hapo ndipo mashine hii iliponishika moyo.

Gurudumu la mbele ni la inchi 21, na shokapu za mbele zina mwendo wa milimita 230. Kwenye mawe yaliyotawanyika na njia zenye mikunjo mikunjo inapita kwa staha ambayo usingeitegemea kwa ukubwa wake. Ile mikunjo ukiienda polepole inakung'oa meno. Ongeza mwendo kidogo, simama juu ya vikanyagio, acha shokapu zifanye kazi. Mchanga mzito ni kesi nyingine. Mbele panaanza kucheza kushoto na kulia, na mwili mzima unakusihi ufunge mafuta. Ukifunga, uzito wote unahamia mbele, gurudumu linachimba, unalala. Bana tangi kwa magoti, rudisha makalio nyuma, legeza mikono, angalia mbali, endelea kuvuta mafuta taratibu. Baada ya muda usukani unajinyoosha wenyewe. Kwa kipikipiki chepesi unaweza kusitasita na ukasamehewa, hapa husamehewi.

Elektroniki ni nyingi, na kuna skrini ya kugusa ambayo kwa glavu zenye vumbi ni mtihani. Ninachokitumia ni kidogo. Kidhibiti cha kuteleza kina ngazi saba, na mchangani nakizima kabisa, maana kikiona tairi linazunguka bure kinakata nguvu wakati ule ule unaoihitaji. ABS ya nyuma, ile inayozuia gurudumu kujifunga ukishika breki, nazima pia. Ya mbele haizimiki, hivyo kwenye mteremko wa kokoto huru anza breki mapema kuliko ulivyozoea.

Rimu ni za spoki na ndani kuna tyubu. Ukipunguza upepo, tairi linatanuka na kuelea juu ya mchanga badala ya kuukata. Ukipunguza mno, tairi linazunguka juu ya rimu na kung'oa valvu ya tyubu, au jiwe linapinda rimu. Mimi hukaa karibu na psi 22 pale mchanga na mawe vinapochanganyika. Pampu ndogo na tyubu ya akiba ya mbele visikosekane. Ya inchi 21 ukiibana unaweza hata kuiweka kwenye gurudumu la nyuma ukafika.

Ikizama hadi kwenye ekseli, usikaze mafuta, unachimba kaburi. Ilaze ubavu, jaza shimo mchanga, isimamishe, washa na uitembeze pembeni kwa gia ya kwanza. Kuinyanyua, ipe mgongo, zungusha usukani hadi mwisho, shika mpini mmoja na fremu ya nyuma, kisha rudi kinyumenyume kwa miguu. Mgongo usiinue kitu. Jifunze hilo kwenye uwanja mtupu ukiwa na nguvu zako, kabla jua halijakuhoji. Na stendi nayo huzama: beba kipande cha ubao cha kuiwekea chini.

Kuhusu jina, Africa Twin ya kwanza, XRV650 ya 1988, ilitoka kwenye ukoo wa NXR750, pikipiki ya mashindano iliyotwaa mbio ndefu za Dakar miaka minne mfululizo, 1986 hadi 1989. Fahari nzuri, ila pikipiki za Dakar ya leo haziruhusiwi kuzidi sisi 450, na wanaoziendesha ni mabingwa.

Kuna ndugu yake, Adventure Sports, mwenye tangi la lita 24.8, hii yangu ina 18.8. Kwa jangwani nimechagua ndogo. Lita sita za ziada zinakaa juu, mahali pabaya kabisa pa kuweka uzito, na zitakuwa pale hata siku usiyozihitaji. Njia ikiwa ndefu nafunga mfuko laini wa mafuta nyuma ya kiti, namimina tangi likishuka nusu, kisha naukunja.