Kikundi cha ngoma na Baraza la Sanaa, Dar es Salaam: unachopata, unachokosa

Vikundi vingi vya ngoma kutoka Mbagala, Kigogo au Gongo la Mboto huenda Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) vikitarajia ruzuku na kurudi na fomu. Tusilaumu haraka. Sheria Na. 23 ya mwaka 1984 ilikabidhi Baraza jukumu la kukuza sanaa na kuisimamia, na ukifika kaunta utakutana zaidi na huo usimamizi. Kwa hiyo tunaipima huduma kwa kile inachotoa kweli: utambulisho, kibali, na barua inayofungua milango ya wengine wenye fedha.

Tuanze na usajili, ndiyo sehemu inayofanya kazi vizuri. Safari huanzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu, iwe Jiji (yaani Ilala), Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Pelekeni katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichochagua viongozi, orodha ya wanachama yenye sahihi, picha za pasipoti, nakala za vitambulisho vya NIDA na barua ya serikali ya mtaa. Faili likiwa limekamilika, hakuna wa kuwazungusha kwa sababu ya maana.

Tatizo ni kwamba mara nyingi halikamiliki. Muhtasari unamtaja mwenyekiti kwa jina la jukwaani, NIDA inasoma jina la ukoo, na benki baadaye inakataa kufungua akaunti kwa sababu watu hao kwenye karatasi ni wawili. Katiba nayo huwa imenakiliwa ya VICOBA: kurasa nne za hisa na faini za kuchelewa, hakuna mstari hata mmoja unaosema ngoma zenyewe, yaani vumi, chapuo na msondo, ni mali ya nani, wala malipo ya onesho yanagawanywaje. Siku manju, kiongozi wa ngoma, anapohama na ngoma mbili kichwani na moja mkononi, katiba ya hivyo haiwasaidii. Andikeni vifungu vitatu vya ziada: umiliki wa vyombo, mgao wa mapato (pamoja na asilimia inayobaki kwenye mfuko wa kikundi kwa matengenezo), na taratibu za mwanachama kuondoka.

Kwenye vibali, huduma inapwaya. Mfumo umezoea shughuli yenye ukumbi, tarehe, saa na mwenye ukumbi. Mdundiko wa Wazaramo hautaki ukumbi. Unatoka nyumbani kwa mwali, unafuata barabara, unaokota watu njiani, na ukiwa na nguvu unavuka mitaa mitatu kabla ya kugeuka. Kibali kimoja hakitoshi: serikali ya kila mtaa unaopitwa ijue, na polisi wataarifiwe kwa kuwa ni msafara wa barabarani. Suluhisho linalofanya kazi ni kuchora njia kwenye karatasi moja, kuandika saa ya kuanza na ya kumaliza, kutaja watu wawili wenye koti la kuakisi watakaosimamisha magari, na kupiga mihuri ya mitaa yote kwenye karatasi hiyohiyo. Fanyeni siku kumi kabla, si mkesha wa shughuli. Baraza lingeweza kutoa fomu ya namna hii kwa ngoma za kutembea, na maofisa utamaduni wangeipokea kwa mikono miwili.

Sasa fedha, mahali penye maneno mengi kuliko yote. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa uliozinduliwa upya mwishoni mwa 2022 hukopesha, haugawi, na mkopo hupitia benki. Mlango wa pili ni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Huu ndio unaofaa zaidi kwa kikundi kidogo, ila unaombwa kama kikundi cha biashara, hivyo andiko lenu lioneshe mauzo. Msiandike utamaduni mtupu.

Pigeni hesabu kabla ya kusaini. Tuseme kikundi cha watu 12 kinalipwa Sh 400,000 kwa onesho. Kirikuu (gari dogo la mizigo) ya kubeba ngoma, kwenda na kurudi, Sh 60,000. Nauli na chakula, Sh 8,000 kwa kila mtu, ni Sh 96,000. Ngozi, kamba na njuga, tengeni Sh 30,000. Zinabaki Sh 214,000, sawa na Sh 17,800 hivi kwa mtu. Mkopo wa Sh 3,000,000 usio na riba kwa miezi 12 unadai Sh 250,000 kila mwezi, yaani zaidi ya masalio ya onesho zima. Mkipiga mara mbili kwa mwezi, kila mtu anabaki na chini ya Sh 15,000 kwa maonesho yote mawili. Na Ramadhani ngoma zinalala. Ombeni ratiba ya marejesho inayoruka mwezi huo, na muiombe kabla ya mkataba, maana baadaye huitwa kuchelewesha.

Majukwaa yapo, ingawa mengi si ya Baraza lenyewe. Jukwaa la Sanaa la Jumatatu lililokuwa likifanyika Ilala Sharif Shamba lilikuwa darasa la bure kwa wasanii, na pengo lake linaonekana. Kijiji cha Makumbusho, Kijitonyama, kinafaa kwa ngoma za jadi kwa sababu watazamaji wanakuja wakizitaka. Nafasi Art Space, Mikocheni, inafaa kwa kazi inayochanganya ngoma na sanaa nyingine. Tamasha la Bagamoyo, lililoanza 1982, linastahili maandalizi ya miezi mingi.

Kuna huduma moja ambayo vikundi havijui kuiomba. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 ilikabidhi Baraza mamlaka ya kutoa idhini pale mtu anapotumia sanaa ya jadi kibiashara nje ya mazingira yake ya asili. Kampuni ikichukua mdundiko wenu kwa tangazo, pa kuanzia papo. Ila msichanganye: rekodi yenu na mpangilio wenu vinasajiliwa kwenye ofisi ya hakimiliki kwa jina la kikundi, mdundiko wenyewe haumilikiwi na kikundi chochote.

Kwa usajili tunatoa nyota nne kati ya tano, kwa vibali mbili, na kwa fedha mbili na nusu, hiyo nusu ikiwa ya maofisa utamaduni wanaokaa na kikundi kusahihisha andiko.

Jambo la mwisho halimo kwenye fomu yoyote. Masika ngozi hulegea, na ngoma isiyopashwa moto hulia kama debe. Kumbi nyingi haziruhusu moto. Andikeni kwenye mkataba: sehemu ya wazi ya kupashia ngoma, jiko la mkaa, ndoo ya maji au mchanga pembeni, dakika 40 kabla ya kupanda jukwaani.