Miaka mitatu na Guake, terminali inayoshuka kama chandarua

Natumia ThinkPad ya zamani, kioo chake ni pikseli 1366 kwa 768. Nikifungua kivinjari tu, kioo kimejaa. Kazi yangu ni kutengeneza tovuti na kuangalia seva chache za wateja, kwa hiyo terminali (dirisha la kuandikia kompyuta amri) naihitaji mara nyingi kwa siku, ila kwa muda mfupi mfupi: niangalie diski imebaki kiasi gani, nisome mistari ya mwisho ya logi, nisukume mabadiliko kwa git, basi. Zamani nilikuwa nabonyeza Alt na Tab kupita madirisha yote mpaka nasahau nilichokuwa natafuta.

Guake, programu ya Linux, ilimaliza hilo. Unabonyeza kitufe kimoja, terminali inashuka kutoka juu ya kioo. Unabonyeza tena, inapanda. Ni kama chandarua, hakichukui nafasi mchana. Na ikipanda haifungwi: ssh (muunganisho wa kuingia kwenye seva kwa mbali) haikatiki, na kama kuna kitu kinapakuliwa kinaendelea. Wazo lenyewe limetoka kwenye gemu la Quake la mwaka 1996, ambalo lilikuwa na kidirisha cha amri kinachoshuka juu ya mchezo. Ndiyo maana ya majina haya ya ajabu, Guake kwa watu wa GNOME na Yakuake kwa watu wa KDE, mazingira mawili ya dawati kwenye Linux.

Kuisakinisha ni `sudo apt install guake`, haina shida. Shida ni kitufe. Inakuja na F12, na F12 hiyohiyo ndiyo inayofungua zana za watengenezaji kwenye Firefox na Chrome, ambazo mimi nazitumia kutwa. Nikahamia kitufe cha alama ya ` kilicho chini ya Esc, nikajiona mjanja, hadi nilipotaka kuandika alama ile ndani ya JavaScript na terminali ikawa inanishukia usoni. Nikajaribu Ctrl na kitufe hicho, kumbe VS Code, kihariri cha msimbo, inakitumia kwa terminali yake. Mwishowe nimetulia na F9. Hapo pia htop, ile ya kuonyesha programu zinazoendelea, inalalamika, maana F9 ndiyo ya kuua programu, lakini herufi k inafanya kazi hiyohiyo.

Halafu nikapanda toleo la Linux la Ubuntu 22.04, kitufe kikaanza ukaidi: mara kinaitikia, mara kimya. Nilishuku kibodi. Kumbe ni Wayland, mfumo mpya wa kuonyesha madirisha kwenye Linux. Huko programu hairuhusiwi kusikiliza vitufe wakati dirisha lililo mbele ni la mwingine, ili isije ikapeleleza unachoandika. Sababu ni ya maana, siwezi kugomba. Dawa yake: futa kitufe ndani ya Guake, nenda kwenye mipangilio ya kibodi ya GNOME, tengeneza njia ya mkato ya kwako, na kwenye amri andika `guake-toggle`. Tangu siku hiyo haijanisumbua.

Sasa aibu yangu. Guake inakuruhusu kuifanya dirisha lipenyeze, uone kilicho nyuma yake. Kwa mbwembwe nikaipenyeza sana. Siku moja nimeandika amri ya sudo, inasubiri nywila, ujumbe ukaingia kwenye kundi la kazini. Nikaipandisha, nikajibu, nikadhani nimeishusha tena. Nikaandika nywila, Enter. Ikaenda kundini, watu kumi na wanne. Mmoja akauliza, "Hii ni lugha gani?" Nilibadilisha nywila jioni ileile, na dirisha langu sasa ni jeusi tii, halioni nyuma wala mbele.

Yakuake nimeijaribu wiki mbili kwenye kompyuta yenye KDE. Kusema kweli ni laini zaidi, inagawanya dirisha vizuri kwa sababu ndani yake ni Konsole, terminali ya KDE, na kitufe kinaitikia kwenye Wayland bila ufundi wowote. Ukiwa Plasma, yaani dawati la KDE, usihangaike na Guake. Ila kuiweka kwenye GNOME inaburuta maktaba nyingi za KDE, na diski yangu ni ya kubanana. Wa GNOME wenye Wayland waitazame pia ddterm, ambayo ni kiendelezi cha GNOME chenyewe.

Guake naipa nne kwa tano. Ile moja nimeikata kwa ajili ya F12.