Kozi tatu za unasihi wa Kikristo nimesoma, moja tu ndo imenifundisha kunyamaza

Mimi ni mwinjilisti. Kanisani kwetu mtu akifiwa au ndoa ikiyumba anaambiwa nenda kaongee na mama mwinjilisti, na kweli kwa miaka tulikuwa tunaongea, yaani naongea mimi yeye anaitikia amina. Ndo nikaona nikasome. Nimesoma sehemu tatu, zote wanaita unasihi wa Kikristo ila ni vitu vitatu havifanani kabisa, kwa hiyo kabla hujatoa hela yako soma kwanza hapa.

Ya kwanza ilikuwa semina, Jumamosi sita, laki na nusu na chai juu. Hii ni ile ya Biblia peke yake, mzizi wake Jay Adams, mchungaji wa Marekani aliyeanza kuipigia debe mwaka 1970 akisema shida nyingi watu wanazopeleka kwa wanasaikolojia zimetokana na dhambi na mazoea mabaya, hivyo mchungaji mwenye Biblia yake aache kuziogopa. Jina la mtindo wenyewe, "nouthetic", limetoka kwenye neno la Kigiriki ambalo Biblia yetu pale Warumi 15:14 imeliweka "kuonyana". Unafundishwa kuuliza maswali, kumwonyesha mtu andiko, kisha unampa homuweki. Na inafanya kazi sikatai, kuna mzee alikuwa anakopa kila kona mkewe hajui, tukaanza na daftari la madeni na toba, leo analipa mdogomdogo.

Ila homuweki hiyohiyo nilimpa dada mmoja jirani aliyetoka kujifungua, mtoto ana wiki tano, analia kutwa, chakula hagusi. Nikamwandikia mistari ya kusoma asubuhi na jioni na aandike vitu kumi vya kumshukuru Mungu. Wiki iliyofuata hakuja. Nilipompitia karatasi ilikuwa juu ya kabati, kaandika namba moja mpaka kumi vizuri kabisa, mbele ya moja kaandika "mtoto", zilizobaki wazi. Inaniuma mpaka leo. Adams mwenyewe alikubali ugonjwa wa mwili ni wa daktari, lakini mwalimu wetu hapo alipita kama basi la mkoani kwenye kituo kisicho na abiria, sonona ya uzazi hakuigusa kabisa.

Ya pili nikasoma kwa simu, miezi minne, bando lilinimaliza. Hawa wanachanganya Biblia na saikolojia. Kitu kimoja kilinilipia ada yote, ile fomu ya maswali tisa ya kupima sonona, kila swali sifuri mpaka tatu, jumla 27, na la tisa linauliza kama mtu anawaza bora afe au ajidhuru. Ningekuwa nayo siku ile ningemshika yule dada mkono twende hospitali (alikuja kupelekwa na mama yake, yuko vizuri sasa, mtoto anatembea). Mengine mh. Video zote za Wamarekani, mifano ya watu wanaolala chumba peke yao na wana miadi na mtaalamu wao kila Jumanne, huku kwetu mawifi wako sebuleni wanasikiliza. Na kikubwa kilichonikera waliahidi cheti "kinachotambulika kimataifa", nikauliza kinatambuliwa na nani, kimya. Kenya wana sheria ya washauri na wanasaikolojia tangu 2014 na lazima usajiliwe, kwa hiyo kama unasomea kwenda kufanya kazi kule ulizia hilo kabla ya kulipa.

Ya tatu ndo CPE (Clinical Pastoral Education, yaani mafunzo ya huduma ya kichungaji hospitalini), hii unasomea wodini. Ilianza 1925 Massachusetts na mchungaji Anton Boisen, ambaye yeye mwenyewe aliwahi kulazwa hospitali ya akili, akapeleka wanafunzi wa theolojia wakajifunze kwa wagonjwa. Yuniti moja kwa kawaida masaa 400. Unatembelea mgonjwa, ukitoka unaandika mazungumzo neno kwa neno, M ni mhudumu G ni mgonjwa, halafu unasomewa mbele ya wenzako. Yangu ya kwanza ilikuwa bibi mmoja wa kisukari:

M: Shikamoo bibi.
G: Marahaba mwanangu.
M: Pole na kuugua.
G: Nimeshapoa. Mguu wameukata jana.
M: Pole sana, Mungu ana makusudi yake.
G: Haya.

Msimamizi akapigia mstari "Haya". Akaniuliza, mama, hiyo haya uliisikiaje? Nikasema kakubali. Darasa zima likacheka, na mimi nikacheka ila machozi karibu, maana haya ile kila mtu anaijua, ni mlango unafungwa.

Kesho yake nikarudi, nikavuta stuli nikakaa. Sikuomba wala sikufungua Biblia, na kwa mwinjilisti ukimya wa dakika tano ni mrefu kuliko ibada ya Krismasi. Bibi akaangalia shuka pale palipokuwa tupu akasema, "Mwanangu, mguu wangu wameuzika wapi?" Sikuwa na andiko la hilo. Nikasema sijui bibi, ngoja nikamuulize nesi, nikaenda kuuliza.

Mimi yuniti ya pili naenda. Wachumba bado nawapa zile homuweki za semina, wanazipenda. Wewe ukienda CPE jua inakula likizo yako yote, kukosolewa ni kila siku, na bwenini maji yanakatika, beba ndoo yako.