Apu ya utabiri wa hewa chafu: mashine imekufa, rangi bado kijani

Apu yenyewe ningeisamehe, kusema ukweli. Aliyenipandisha mori ni yule mtu wao wa kastoma kea. Nimemwandikia kwa adabu zote, nimemwekea na skrinshoti, namuuliza jamani mbona eneo letu asubuhi nzima linaonyesha kijani, "hewa nzuri, furahia shughuli za nje", na huku makutanoni malori yamesimama foleni yanatema moshi mweusi, kuna na watu wanachoma taka pembeni, mtoto wangu ana pumu, ameshavuta inhela na kifua bado kinatoa mluzi. Jibu lilikuja haraka, hapo nawapa haki yao. "Ndugu mteja, takwimu zetu ni sahihi. Ubora wa hewa haupimwi kwa macho."

Haupimwi kwa macho! Hata pole hakuna.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya hiyo sentensi ni kweli. Zile chembe za uchafu hewani wanazoziita PM2.5 ni ndogo mno, hazifiki hata mikromita 2.5, unywele wa kichwa ni mnene kuliko hizo mara ishirini na zaidi, kwa hiyo kuna siku anga liko safi kabisa na unavuta uchafu bila kujua. Ndiyo maana tunaweka apu! Lakini huwezi kuligeuza hilo ukamwambia mtu ambaye moshi anauona, anaunusa na unamkaa kooni kwamba anaota. Macho hayawezi kukuhakikishia hewa ni safi, sawa, ila yakikuonyesha moshi mzito mbele ya pua unataka ushahidi gani tena?

Basi nikaanza kuchokonoa mwenyewe. Ukibonyeza ile namba, halafu ukabonyeza kialama kidogo pembeni, halafu ukashuka chini kabisa, kuna maandishi ya kijivu madogo kama ya mkataba wa mkopo: "makadirio". Nikaenda kwenye ramani nikakuta kituo cha kupima hewa cha eneo letu kimepauka, hakijatuma kitu siku kadhaa. Yaani ile kijani haikupimwa popote karibu na sisi. Mashine imezima, kompyuta imejaza pengo, na rangi imewekwa ileile iliyokolea kana kwamba kuna kifaa hapo kinafanya kazi.

Sina ugomvi na makadirio yenyewe, watu waelewe. Satelaiti na modeli za kompyuta zinafanya kazi kubwa, hasa sehemu zisizo na vituo. Ila modeli inakata dunia vipande vipande, na ile ya dunia nzima ya Ulaya, CAMS, kipande kimoja kina upana wa kama kilomita 40. Humo ndani kuna mji mzima, mashamba, labda na ziwa, vyote vinapewa namba moja. Makutano yetu yenye foleni tangu alfajiri yataonekana wapi? Halafu ile rangi ya siku inatokana na wastani wa saa 24, kwa hiyo asubuhi mbaya inachanganywa na mchana wenye upepo, inatoka namba ya katikati ambayo hakuna binadamu aliyeivuta. Na asubuhi ndiyo penyewe, kwa sababu usiku ardhi inapoa, hewa baridi inabaki chini na ya joto inakaa juu yake, moshi haupati pa kutokea mpaka jua lipande. Saa hizo ndizo watoto wanatembea kwenda shule, pua zao ziko usawa wa ekzosti.

Na hata kituo kilipokuwa hai kilikuwa na vituko vyake, siku za ukungu kinaruka mpaka nyekundu bila sababu ya maana, nikaja kuelewa kwamba hivi vifaa vya bei nafuu vya leza vinadanganyika na unyevu, chembe zinavimba kwa maji na kifaa kinahesabu uchafu kupita kiasi. Hilo nililivumilia. Kifaa kikizidisha nitambakiza mtoto ndani bure, hasara yake ndogo. Kunipa kijani ya kubuni ni habari nyingine kabisa.

Sasa nisiwe mbaya kupita kiasi. Utabiri wao wa upepo uko vizuri, wakisema jioni vumbi litaingia kweli linaingia, na juzijuzi walinitumia arifa mapema nikafunga madirisha na usiku ule mtoto alilala bila shida. Mume wangu ananiambia mama, unaitukana na bado unaifungua kila ukiamka. Kweli. Nilikuwa hata nimeamua kuwapa nyota tatu na yaishe.

Halafu ikaingia meseji: "Tiketi yako imetatuliwa na kufungwa. Tafadhali tathmini huduma yetu", na kikatuni kinacheka. Imetatuliwa na nani? Nikafungua ramani, kituo bado kijivu, eneo letu bado kijani. Moja. Nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya upepo.

Mnaoendelea kuitumia, msiangalie rangi peke yake. Bonyezeni kituo muone kilituma data lini, na muangalie ya saa badala ya ya siku. Njano nayo isiwatulize sana, kwa skeli ya Marekani ambayo apu nyingi zinaitumia, njano ya PM2.5 inaenda mpaka mikrogramu 35 na ushee kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wakati WHO tangu 2021 wanasema wastani wa siku usizidi 15. Mwenye pumu ndani ya nyumba achukulie njano kama onyo. Na ile barakoa ya kitambaa haizuii chembe hizi ipasavyo, labda N95 iliyokaa vizuri usoni, sasa mwambie mtoto mdogo aivae njia nzima uone.

Mimi sasa hivi nachungulia dirishani kwanza, apu baadaye, yule bwana wa macho na asikie vibaya akitaka. Na wana ujasiri hawa watu, leo asubuhi wamenitumia tangazo nilipie huduma ya juu nipate "utabiri wa kina wa eneo lako, saa kwa saa". Kituo kimekufa, nilipie saa kwa saa za nini?