Walimpigia mama yangu filimbi Lamu

Nilikuwa nimeamua kunyamaza. Mama mwenyewe alishaniambia, "Achana nao, mwanangu, yamepita." Lakini juzi ile kampuni ya utalii iliyotupeleka pwani imenitumia ujumbe kuniomba niwape nyota tano "ikiwa ulifurahia safari nasi," na damu ikanichemka upya kama vile bado nimesimama kwenye kile kichochoro. Basi nyota zao watazikuta hapa.

Habari za vyumba, bei na chai ya asubuhi zimo kwenye matangazo yao, mtazisoma wenyewe. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni filimbi.

Kwanza mjue nilikwenda na nani. Mama yangu amefundisha shule ya msingi huko Taita miaka 32. Historia ndiyo iliyokuwa roho yake. Kila mwaka alichora nguzo ya Vasco da Gama ubaoni kwa chaki, akawaeleza watoto habari za Gedi, Malindi, Lamu na Pate, na kila mwaka ulipita bila yeye kufika hata mji mmoja kati ya hiyo. Mshahara wa mwalimu na watoto watano, mnajua wenyewe ulivyokuwa unagawanywa. Alipostaafu tukachanga, sisi watoto wake wote, nami nikateuliwa kumsindikiza. Tukachagua safari ya kundi kwa sababu magoti yake hayamruhusu kuhangaika na matatu na mizigo, na kwa sababu tuliahidiwa kwamba kila kitu kimepangwa, sisi kazi yetu ni kutazama.

Mama alinunua daftari jipya. Nilimwona akiliwekea jalada la gazeti, kama alivyokuwa akituwekea sisi tulipokuwa wadogo.

Nitasema haki: Gedi tulifurahi. Yule kijana kiongozi wa msafara anaijua Gedi, tena anaipenda. Alituonyesha lile kaburi lenye tarehe, mwaka 802 wa Hijria, ambao ni 1399, akamwacha mama apige hesabu yake polepole. Alitueleza jinsi mwanaakiolojia Kirkman alivyochimba pale kuanzia 1948 kwa miaka kumi, na jinsi nyumba zilivyopewa majina ya vitu vilivyokutwa ndani: nyumba ya mkasi, nyumba ya taa ya chuma, nyumba ya kauri. Tena alituuliza swali ambalo mama alilizungumzia njia nzima. Wareno walikaa Malindi miaka yote ile, kilomita chache tu kutoka hapa, mbona Gedi hawakuiandika popote? Hakujitia kuwa na jibu. Mama akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu ni mwalimu mzuri." Ningeulizwa jioni hiyo ningempa nyota zote bila kufikiri.

Filimbi alikuwa nayo shingoni tayari. Aliipiga pale Gedi kutukusanya, na sikuona ubaya. Magofu yako ndani ya miti, watu wametawanyika, kima wanarukaruka juu ya kuta, watoto wamewafuata. Nikadhani ni filimbi ya msituni.

Malindi tulipewa dakika kumi kwenye nguzo. Mama alisimama mbele yake, bahari pande zote, upepo wa kaskazi unamvuta leso, asiseme neno. Halafu akasema, "Ni ndogo. Mimi ubaoni nilikuwa naichora kubwa." Alianza kuwasimulia kina mama wawili wa kundi letu habari za twiga aliyetoka Malindi akapelekwa China zama za zile merikebu za Zheng He, amiri wa Kichina, yaani miaka mingi kabla ya Mreno yeyote kufika hapo 1498, na wale kina mama wakawa wamevutiwa kweli. Filimbi. Tukarudi kwenye basi twiga akiwa bado hajafika China. Hapo ndipo nilipoanza kukereka, lakini nikajisemea njia ni ndefu. Na ilikuwa ndefu: Garsen, Witu, vizuizi vya polisi, jua, hatimaye Mokowe na boti ya kutuvusha.

Sasa Lamu.

Aliyefika Lamu anaujua ule mji. Nyumba za mawe zimekaribiana hadi ukinyoosha mikono unagusa huku na huku, barabara yenyewe si ya gari, ni ya miguu na ya punda. Watu wamekaa madakani wanazungumza kwa sauti ya kawaida na unawasikia ukiwa mbali, kwa sababu hakuna honi wala injini inayowafunika. UNESCO wameuweka kwenye urithi wa dunia tangu 2001, na mimi nasema ule utulivu nao ni sehemu ya urithi huo kama zilivyo kuta. Ndani ya utulivu huo ndimo alimoingia mtu na filimbi ya refa.

Tulitoka Ngomeni, tukapita Mkunguni, tukaingia Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, halafu tukakata vichochoro kurudi pwani ambako mashua ilikuwa inatungoja kwenda Takwa, magofu ya mji wa kale kisiwani Manda. Mama alibaki nyuma kidogo. Alikuwa ameuona mlango wa kuchonga, wenye nakshi za maua juu yake, akasimama kuinakili nakshi ile kwenye daftari. Hakuwa amepotea. Nilikuwa naye, na wenzetu walikuwa hatua ishirini mbele, hawajafika hata konani. Msikiti ulikuwa hapohapo ubavuni na sala ya adhuhuri ilikuwa imekwisha kukimiwa. Viatu vimejaa mlangoni. Mtu mwenye macho anaviona.

Akapiga. Mara tatu, kwa nguvu, akimwelekea mama yangu na kumwashiria kwa mkono kama refa anavyomtoa mchezaji uwanjani. Sauti ile kati ya kuta mbili za mawe haina pa kwenda, inakurudia masikioni. Punda aliyekuwa akija na magunia ya mchanga alishtuka akajibana ukutani, na aliyekuwa akimswaga akapata kazi ya kumtuliza. Mama aliangusha kalamu.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye daka la nyumba ya jirani, kofia kichwani, kikombe cha kahawa mkononi. Hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, mui hunu watu hawaitwi kwa filimbi. Na hapo pasaliwa."

Mngetarajia nini? Kijana aliyelelewa angesema, "Niwie radhi, mzee wangu," na mambo yangeishia hapo, na mimi leo nisingekuwa naandika. Yeye alijibu, "Mzee, mimi niko kazini, wewe endelea na kahawa yako." Kisha akamgeukia mama, mbele ya watu wote: "Na wewe mama, ukitaka kutalii kivyako ungekuja kivyako."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda. Ungekuja kivyako. Mtu aliyengoja tangu ujana wake kuuona mlango ule, aliyelipiwa na watoto wake kwa awamu tatu za M-Pesa, anaambiwa angekuja kivyake.

Mama aliokota kalamu. Akasema kwa ile sauti ambayo sisi watoto wake tunaijua na tulikuwa tunaiogopa: "Mimi nilipiga filimbi shuleni miaka 32. Sijawahi kumpigia mtu mzima." Halafu akasema, "Nendeni Takwa. Mimi nimefika."

Na kweli hakusogea. Yule mzee alisogea upande akampisha kwenye baraza, akamwita mjukuu wake alete kikombe kingine. Nikabaki na mama. Kundi likaondoka. Kiongozi hakutazama nyuma wala hakuuliza tutarudije nyumba ya wageni. Nilibaki nimesimama natetemeka, nikitaka kumfuata hadi gatini nimwambie ya kumwambia. Mama akanivuta nguo, "Kaa." Nikakaa.

Tulikaa hapo hadi karibu alasiri. Kahawa chungu, tende, kisha halwa iliyoletwa kwenye karatasi. Kiongozi wetu alikuwa ametuambia vichochoro ni vyembamba ili adui akija apotee. Mzee alipolisikia hilo alicheka sana, akamwambia mama atazame juu: jua la saa saba na sisi tumo kivulini tangu tufike. Akamwonyesha chumba kilichopita juu ya njia kutoka nyumba hii hadi ile ya pili, akamwambia kile kinaitwa wikio, wanawake walipita humo kutoka nyumba hadi nyumba bila kushuka njiani. Mama hakuwa amewahi kulisikia neno hilo. Aliliandika, akalipigia mstari mara mbili, akauliza kama lina wingi.

Ndiyo, ilikuwa saa nzuri. Kuna mtu wa kundi letu aliniambia baadaye eti tushukuru, maana bila filimbi tusingemjua yule mzee. Sikubali. Wema wa mzee ni wa mzee. Kampuni haiwezi kumtukana mama yangu kisha ikachukua sifa ya aliyemfuta machozi. Na alilia, kidogo, tulipobaki wawili, kwa sababu ya Takwa. Ule mji alikuwa akiueleza kwa watoto kana kwamba aliwahi kuishi humo: msikiti wenye nguzo juu ya kibla, kaburi lenye tarehe ya 1094 Hijria, watu waliohama wakaenda Shela, kijiji cha ng'ambo kisiwani Lamu, na wa Shela ambao hadi leo hurudi pale kuomba dua. Wenzetu waliuona. Sisi tulilipa, hatukuuona.

Najua watakavyojitetea, kwa sababu wamekwisha kujitetea. Mkondo wa Takwa unapita kwenye mikoko, na chombo hakiingii ila maji yamejaa. Ukichelewa unakwama kwenye tope. Ni kweli kabisa. Hata mimi nilianza kulainika, nikafikiri kijana wa watu alikuwa na saa yake kichwani na wageni ishirini na kitu wa kuwachunga. Lakini angesema tu: "Mama, maji yanakupwa." Maneno matatu. Mama angefunga daftari na kukimbia na magoti yake yote mawili mabovu. Tena usiku ule nilimuuliza nahodha, na nahodha hakuwa na sababu ya kunidanganya. Akasema walipong'oa nanga maji yalikuwa bado yanajaa. Hata kusimama yalikuwa hayajasimama.

Kesho yake tulikwenda Matondoni. Kijiji kizuri, watu wakunjufu, wanawake wanasuka mikeka huku wanazungumza nasi, na fundi mmoja alimwacha mama ashike pamba ya kalafati aone inavyosokotwa na kushindiliwa kati ya mbao za jahazi. Nikasema nafsini, haya, safari imetengenea, nitawapa nyota tatu, labda na nusu. Kiongozi alikuwa ameiweka filimbi mfukoni. Nilidhani amejifunza. Wakati wa kuondoka ulipofika akaitoa, akapiga, na mafundi wote wakainua vichwa. Watu wazima, baba za watu, wameacha nyundo zao. Nikashuka nyota mbili papo hapo.

Malalamishi niliwaandikia tuliporudi Mombasa. Niliomba mambo mawili: turudishiwe pesa ya Takwa, na kijana ampigie mama simu amwombe radhi. La kwanza walijibu kwamba mteja aliyebaki nyuma kwa hiari yake harudishiwi. Kwa hiari yake! La pili hawakulijibu hadi leo.

Lipo jambo moja linalonisumbua, nalisema kwa sababu ni kweli. Siku ya kurudi, Mokowe, yule kijana aliubeba mfuko wa mama kutoka gatini hadi kwenye basi bila kuombwa, kichwa chini. Mama akamwambia, "Ahsante, mwanangu. Gedi ulifundisha vizuri." Hakumtajia filimbi. Kijana alitaka kusema kitu, nilimwona, midomo ilifunguka. Akaitwa na dereva, akaenda. Nikiikumbuka sura yake ile nataka kuandika nyota mbili. Kisha naukumbuka ule mlango na kalamu iliyoanguka, nakumbuka "kwa hiari yake," na mkono unakataa. Aliyemfunga filimbi shingoni ana ofisi, ana kiti, na huyo ndiye anayeniomba nyota tano.

Moja.

Mkiweza, nendeni Lamu wenyewe. Shukeni gatini, ulizeni, mtapata mtu wa kuwatembeza ambaye atasimama mkisimama. Mama amekwisha kukubaliana kwa simu na yule nahodha; atamchukua kutoka Shela hadi Takwa, hata akitaka kukaa huko hadi maji yarudi. Jana alinipigia kabla ya saa moja asubuhi kuniuliza bamvua ijayo, yale maji makuu, ni lini.